Shahidi wa Upande wa Pili

Nchi hii haina jina, na wenyewe wasilaumiwe. Kamati ya Kuchagua Jina la Nchi iliundwa siku ya tatu baada ya uhuru, na mpaka leo hukutana kila Alhamisi. Wajumbe hunywa chai, hula sambusa, kisha huahirisha kikao kwa kuwa akidi haikutimia. Wananchi wamezoea. Wakitaka kuitaja nchi yao husema "hapa kwetu", na nchi jirani iliyo upande wa pili wa mto huiita Ng'ambo. Watu wa huko nao wana kamati kama hiyo, ila yao hukutana Jumatano. Wao wakisema Ng'ambo wanaikusudia hii. Hakuna aliyewahi kupotea njia kwa ajili hiyo.

Zamani watu wa pande hizo mbili walikuwa watani. Walizikana, walitukanana misibani, na mtu wa upande mmoja aliweza kumkamata kuku wa mwenzake mchana kweupe akaondoka naye, mwenye kuku akabaki anacheka. Kisha zikaja serikali, nazo zikagundua kuwa kati yao kuna Kilima cha Chumvi. Utani ukasitishwa kwa tangazo rasmi, vita vikaanza. Vilipiganwa siku arobaini. Hapa kwetu walishinda. Ng'ambo nao walishinda. Kila mwaka, siku ileile na saa ileile, pande zote mbili hupiga mizinga ya ushindi na kusikilizana. Kilima kipo kama kilivyokuwa. Chumvi huagizwa kutoka nchi ya tatu, ambayo haikupigana.

Kidawa alizaliwa miaka sita baada ya ushindi huo, akalelewa kwa habari zake kama watoto wengine wanavyolelewa kwa uji. Baba yake, Koplo mstaafu Mshamu Lipwata, ndiye shujaa wa Pigano la Kisimani, lililomo katika kitabu cha historia cha darasa la tano, ukurasa wa thelathini na moja, pamoja na picha. Katika picha koplo amesimama juu ya ukingo wa kisima, bunduki mkono huu, bendera mkono huu, na adui arobaini wanakimbilia mtoni. Kidawa alipokuwa mdogo aliwahi kumwuliza baba yake, kama mikono yote miwili ilikuwa na kazi, risasi alizifyatuaje. Baba akamwambia amalize ugali wake.

Ugali ule, na maharage yake, koplo aliupika mwenyewe. Mama yake Kidawa alifariki akijifungua mtoto wa pili, kwa sababu mkunga wa karibu hapa kwetu alikuwa mwendo wa siku nzima. Mtoto naye hakukaa. Tangu hapo koplo alipika kila siku, na alipika vizuri ajabu. Alipoulizwa amejifunzia wapi, alijibu, "Porini."

Kidawa alipofika miaka kumi na tisa, Chuo cha Wakunga kilimwandikia barua. Nafasi yake ilikuwepo. Alitakiwa kuripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba akiwa na hati ya kusomeshwa kutoka Mfuko wa Watoto wa Mashujaa. Asipokuwa nayo, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Alibakiwa na majuma matatu. Aliisoma barua ile mara nyingi hata ikachanika kwenye mikunjo, akaibandika nyuma kwa gundi ya unga wa muhogo.

Mfuko wenyewe ulikuwa jambo la fahari. Siku ya kuuzindua, Mheshimiwa Waziri wa Mashujaa na Kumbukumbu alihutubia uwanjani kwa saa nne bila kunywa maji. "Mashujaa wetu," alisema, "walimwaga jasho, wakamwaga damu, na kama kungekuwa na kitu kingine cha kumwaga wangekimwaga. Watoto wao watasoma mpaka vitabu viishe." Watu walipiga makofi. Askari wastaafu waliopangwa mbele, juani, walipiga makofi wakiwa wamesimama, kwa kuwa viti vilikuwa vya wageni.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mwaka wa kwanza wa Mfuko, mashujaa walizidi. Jeshi lote la siku zile lilikuwa na askari mia sita na kumi na wawili, lakini waliojitokeza kudai kuwa walipigana Kilimani walijaza viwanja viwili vya mpira. Miongoni mwao walikuwemo vijana waliozaliwa baada ya vita, na bibi mmoja aliyesema kwamba yeye alipigana pande zote mbili. Kila mmoja alileta mashahidi wawili, nao wakashuhudiwa naye.

Serikali haikukasirika. Iliunda tume. Tume ilitafakari miezi kumi na minne, ikatoa hoja ambayo mpaka leo hakuna aliyeweza kuipangua. Rafiki husema uongo kwa mapenzi. Jirani husema uongo kwa kuogopa kunyimwa moto. Mtu pekee asiye na sababu yoyote ya kumpendelea askari wetu ni adui yake. Kwa hiyo kila shujaa aletewe ushahidi na adui aliyepambana naye, katika fomu ya kijani, ambayo maswali yake ya kwanza ni haya: Je, ulimwona mwombaji vitani? Alikuwa hatua ngapi kutoka kwako? Je, alikuogopesha kidogo, kiasi, au sana?

Akijibu "kidogo", shujaa hupewa cheti cha shukrani. Akijibu "kiasi", mtoto hulipiwa ada bila chakula. "Sana" ndiyo humaliza kila kitu.

Kidawa aliyajua haya dirisha namba nne la Wizara, mbele ya Bwana Mwinjuma, Afisa Uhakiki wa Ushujaa, Daraja la Pili. Bwana Mwinjuma alikuwa mpole kiasi kwamba watu aliowakataa walirudi kumletea mayai.

"Shikamoo," alisema Kidawa.

"Marahaba, binti yangu. Shahidi wako yuko wapi?"

"Shahidi yupi?"

"Adui."

"Adui yuko Ng'ambo."

"Ndiko wanakokaa," alikubali Bwana Mwinjuma.

"Lakini baba yumo kwenye kitabu cha historia. Ukurasa wa thelathini na moja."

"Kitabu kile tumekiandika sisi wenyewe, binti yangu. Tukikitumia kama ushahidi itaonekana vibaya."

Kidawa akaikunja fomu ya kijani aliyopewa. Hapo ndipo alipoliona dirisha namba tano. Juu yake paliandikwa WAHANGA, na halikuwa na mtu hata mmoja, wakati foleni ya dirisha la nne ilipita mlangoni ikazunguka mlingoti wa bendera. Ndani alikaa mama mmoja wa makamo, Bi Hidaya, akifuma. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akilifungua dirisha saa moja na nusu asubuhi, akifuma vitambaa vya makochi mpaka saa tisa na nusu, na kulifunga. Kila kochi la Wizara lilivaa kazi ya mikono yake. La Waziri lilivaa vitatu.

"Pale ni kwa akina nani?" aliuliza Kidawa.

"Kwa walioogopa," alisema Bwana Mwinjuma. "Mkataba wa amani ulitaka liwepo."

"Na huja watu?"

Bwana Mwinjuma akamtazama kwa huruma. "Hapa kwetu, binti yangu? Watoke wapi?"

*

Koplo Mshamu aliisikiliza habari ya fomu huku akichochea sufuria.

"Nenda kijiji cha Mwambisi, hapo tu ukivuka," alisema mwisho. "Ulizia Sajini Malibiche. Ana masikio makubwa. Fundi viatu."

"Jina lake umelijuaje, baba?"

"Vitani watu hujuana."

"Na kazi yake?"

Koplo akageukia moto. "Nimekisia. Alikimbia kama fundi viatu."

Akamfungia kopo la maharage. "Ya njiani," alisema. "Yakibaki, mpe."

Kupata Kibali cha Kumtafuta Adui kwa Nia Njema kulichukua juma zima, kwa kuwa afisa husika alikuwa kwenye semina ya kuharakisha vibali. Darajani askari wa mpaka alimwuliza Kidawa kama amebeba silaha. Akasema amebeba maharage. Askari akafungua kopo, akaonja, akaonja tena ili kuhakikisha, akagonga muhuri.

Sajini Malibiche alikuwa barazani kwake, mzee wa miaka sabini na miwili, amebana misumari midogo midomoni, anagonga soli. Masikio yalikuwa kama yalivyoelezwa. Kando yake alikaa msichana wa rika la Kidawa, redio iliyofumuliwa imelala mapajani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Mzee alitazama miguu yake kabla ya uso. "Umetoka Ng'ambo. Kiatu hicho kimeshonwa na mtu aliyekosana na mkewe."

Kidawa hakujua utani ulikuwaje, maana ulipigwa marufuku kabla hajazaliwa. Hakujua jibu lilitoka wapi. "Na chako, babu, kimeshonwa na mtu asiye na mke kabisa."

Msichana wa redio akaangua kicheko. "Babu, huyo amekuweza."

"Nyamaza, Somoe. Mjukuu wangu huyu," alimwambia Kidawa, "anajua kufungua kila kitu. Kufunga bado. Haya, umekuja kununua au kutukana?"

"Namtafuta adui wa baba yangu. Koplo Mshamu Lipwata."

Nyundo ikasimama hewani.

"Mshamu mpishi?"

"Baba hakuwa mpishi, babu. Ni shujaa wa Pigano la Kisimani."

Mzee akamtazama mjukuu wake. Mjukuu akaitazama redio.

"Ndiyo, ndiyo," alisema mzee taratibu, akitoa misumari mdomoni. "Huyo huyo. Kopo hilo lina nini?"

Alionja kwa kidole. Akafumba macho, na kwa muda masikio tu ndiyo yaliyoonekana kuwa macho.

"Nazi anaiweka mwisho," alisema. "Bado anaiweka mwisho."

Ndipo Kidawa akakaa chini, na mzee akamweleza.

Kilimani kulikuwa na kisima kimoja. Makamanda hawakulijua jambo hilo kwa kuwa makamanda walikunywa soda. Basi askari wa pande mbili walipatana wenyewe, bila karatasi: kila adhuhuri upande wenye zamu hupiga mbinja mara mbili, upande mwingine hubaki handakini mpaka ndoo zijae. Siku kumi na nane mambo yalikwenda hivyo, na hakuna aliyepigwa risasi akichota maji.

"Siku ya kumi na tisa zamu ilikuwa yetu," alisema Malibiche. "Nimeinama nafunga kamba ya ndoo. Nasikia hatua nyuma yangu. Nageuka, namwona mtu, ana kitu kirefu mkononi. Nikajua basi. Bunduki ikaniponyoka ikaingia kisimani."

"Baba alikuwa na nini?"

"Upawa."

"Upawa?"

"Maharage yalikuwa yanaungua, akaja mbio bila kungoja zamu yao, akasahau hata kupiga mbinja. Na yeye aliiona bunduki kabla haijaanguka, akapiga magoti, akaanza kunieleza habari za mchumba wake. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti zamani. Tukalia pale kama watu waliofiwa. Halafu akasema, 'Kaka, maharage yangu.' Tukaiopoa bunduki kwa ndoo, nikamjazia maji, akaenda. Kesho yake, zamu yao, aliniachia bakuli pale ukingoni."

"Na wale adui arobaini?"

"Mimi nilimwambia luteni wangu nimekutana na adui kisimani. Si uongo. Luteni akamwambia meja walikuwa kumi. Kufika mji mkuu walikuwa arobaini, na nilikuwa na bendera."

Somoe aliingia ndani akatoka na kitabu cha historia cha Ng'ambo, darasa la tano, ukurasa wa ishirini na nane. Picha ilikuwa ileile: kisima, bunduki, bendera, arobaini wanakimbia. Uso tu ulikuwa mwingine, na msanii, kwa heshima, alikuwa ameyapunguza masikio.

Kidawa aliitazama picha kwa muda mrefu. Alitegemea kuona aibu. Alichokiona moyoni ni kijana mwenye upawa, amepiga magoti, anamtaja mama yake Kidawa.

"Babu," alisema, "alikuogopesha kidogo, kiasi, au sana?"

"Sana. Naota mpaka leo." Lakini kalamu hakuichukua. Alivuta kutoka chini ya meza fomu nyingine, sawasawa na ile, ila ya njano. Somoe naye alikuwa na barua. Alitaka kusomea ufundi umeme, na hati ya Mfuko wa huku ilidai ushahidi wa adui wa babu yake. "Soma swali la mwisho," alisema mzee. "Lipo kwenye zote mbili."

Kidawa akasoma. *Je, mwombaji mwenyewe aliwahi kumwogopa adui? Aliyeogopa si shujaa.*

Wizara mbili zile, ambazo hazikuwahi kuafikiana hata kuhusu saa ya jua kuchwa, zilibadilishana nakala kila Ijumaa ili mwoga asipite.

"Nikiandika 'sana', mimi si shujaa na Somoe hasomi," alisema mzee. "Baba yako akiniandikia 'sana', wewe husomi. Tukiandika 'kidogo', mtapata vyeti. Vizuri tu, vina fremu."

Somoe, ambaye hakuweza kuona kitu bila kukigeuza, akaigeuza fomu ya njano.

"Mmeisoma nyuma?"

"Fomu ina nyuma?" aliuliza babu yake. Mashujaa hutia saini mbele.

Nyuma, kwa maandishi madogo, kulikuwa na kifungu cha kumi na tisa cha mkataba wa amani. Kiliandikwa na msuluhishi kutoka nchi ya tatu, ile ya chumvi, ambaye hakuwajua watu wa pande hizi na alidhani wangekuwepo watakaokitumia. Somoe alikisoma kwa sauti: aliyekiri kumwogopa adui atahesabiwa mhanga, watoto na wajukuu wa mhanga watasomeshwa na serikali ya yule aliyemwogopesha, katika vyuo vya nchi hiyo, mpaka wamalize. Mhanga atarudisha nishani. Ukiri utatamkwa mara tatu, kwa sauti, mbele ya mashujaa wasiopungua ishirini.

"Chuo cha umeme kiko kwenu," Somoe alimwambia Kidawa. "Huku hatuna."

Kidawa alikuwa ameinua macho. Juu ya mteremko wa Mwambisi kulikuwa na jengo refu lenye paa jekundu, na mbele yake wasichana wenye magauni meupe wanaanika shuka.

"Wakunga," alisema Malibiche. "Wanaamka mapema mno, wananisumbua."

Aliichukua nishani yake, iliyokuwa imening'inizwa ukutani pamoja na koleo na mkasi, akaifuta kwa aproni. "Miaka yote hii, kila gwaride linapopita navuta tumbo ndani. Nimechoka. Lakini nikikiri peke yangu, nitakuwa nimeogopa upawa peke yangu, na hilo siliwezi. Mwambie Mshamu hivi: Jumatatu saa nne nitapiga mbinja mara mbili. Na yeye safari hii asisahau."

*

"Amesemaje?" aliuliza koplo kabla Kidawa hajavua viatu.

"Amesema nazi bado unaiweka mwisho."

Koplo akakaa kwenye kigoda. Kidawa akamweleza yote, mpaka kifungu cha kumi na tisa, mpaka mbinja. Nje, watoto wa shule waliokuwa wakipita walisimama mlangoni, wakapiga saluti kama kila siku. Koplo akainua mkono, akaurudisha kabla haujafika kwenye kipaji cha uso.

"Nina nafasi mstari wa mbele," alisema. "Nina ukurasa."

"Najua, baba."

"Watoto wale wakisikia?"

Kidawa akakaa chini mbele yake. "Mama aliijua habari ya upawa?"

"Aliijua."

"Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ndiyo sababu atakubali kuolewa na mimi. Mtu anayeogopa hurudi nyumbani."

Maharage yalitokota. Mmoja wao alipaswa kuyageuza, hakuna aliyeinuka.

"Siku ile," alisema Kidawa, "mama naye aliogopa. Nilikuwa mlangoni, nilimsikia. Na hapakuwa na mtu wa kumwambia."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kumi na tisa ya vita, maharage ya Koplo Mshamu yakaungua.

*

Jumatatu koplo alivaa sare. Suruali ilimbana, nishani ilimeta. Foleni ya dirisha la nne ilipomwona ilijigawa yenyewe.

"Ukurasa wa thelathini na moja huyo," walinong'onezana. "Koplo, pita mbele."

Bwana Mwinjuma alisimama kumpokea. Koplo akampa mkono, akamshukuru, akampita. Alisimama dirisha la tano.

Bi Hidaya hakuinua macho kwenye uzi. "La mashujaa ni hilo jirani, baba."

"Nimeliona."

Sindano ya kufumia ikaanguka chini, ikaviringika, na ukumbi ukawa kimya hata sauti yake ikasikika mpaka iliposimama. Bi Hidaya akafungua droo, akapuliza vumbi, akatoa fomu. Zilikuwepo kumi, serikali ilichapisha kumi na haikuwahi kutumia hata moja. Aliisoma mwenyewe kwanza, kwa kuwa hakuwahi kuiona.

"Unatakiwa kutamka," alisema kwa sauti ya chini. "Mara tatu."

Saa ya ukutani iligonga nne. Kidawa, aliyekuwa nyuma ya baba yake, alimwona akiinamisha kichwa kidogo upande wa mto, kama mtu anayesikiliza. Kutoka Wizarani hadi Mwambisi ni mwendo wa nusu siku. Hakuna mbinja iwezayo kufika. Lakini koplo aliitikia kwa kichwa kama aliyeisikia.

"Niliogopa," alisema. Ilitoka kama kikohozi.

"Niliogopa," alisema tena, na safari hii watu wa katikati ya foleni waliligeukia dirisha.

"Niliogopa." Hii ilifika kwenye mlingoti.

"Ulimwogopa nani?" aliuliza Bi Hidaya.

"Sajini Malibiche wa Ng'ambo. Alikuwa na bunduki. Mimi nilikuwa na upawa. Nilikuwa mpishi."

"Kidogo, kiasi, au sana?"

"Sana, dada yangu. Sana."

Akaifungua nishani, akaiweka dirishani. Hakuna aliyezomea. Kidawa alikuwa amejiandaa kwa kuzomewa. Kwa kimya hakuwa amejiandaa. Alimshika baba yake kiwiko. Kisha akasikia gongo likigonga sakafu, na mzee mmoja wa mguu mmoja akatoka kwenye foleni ya mashujaa, akasogea, akakohoa.

"Samahani, mama. Ni lazima awe adui? Mimi nilimwogopa kapteni wetu."

Bi Hidaya akageuza fomu, akasoma nyuma, hakuona katazo. "Simama nyuma yake," alisema.

Akasimama. Nyuma yake akasimama mwingine, aliyeogopa giza la handaki; na mwingine, aliyeogopa kwamba asingemwona mwanawe akitembea; na mwingine ambaye hakusema alichoogopa, alisema tu, "Na mimi." Kufika saa sita fomu zilikuwa zimekwisha, na Bi Hidaya alikuwa akiandika nyuma ya kadi za mitindo ya kufuma. Kufika saa nane dirisha la nne halikuwa na mtu. Bwana Mwinjuma alikaa ndani peke yake, akapanga mihuri, akaipanga upya. Kisha akashusha pazia, akazunguka kwa mlango wa nyuma, akaja kusimama mwisho wa foleni ya dirisha la tano.

"Vitani nilikuwa karani wa ghala," alimwambia aliyemtangulia, kwa upole wake uleule. "Upepo ulipiga mlango."

Ng'ambo, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, mambo yalikwenda vivyo hivyo, ila dirisha lao lilikuwa namba sita.

*

Serikali mbili hazikushtuka. Serikali hazishtuki, hutoa taarifa. Mheshimiwa Waziri alihutubia uwanjani kwa saa tano. "Ndugu wananchi," alisema, "leo tumemshinda adui mara ya pili. Tumemtwisha mzigo wa kutusomeshea watoto." Saa hiyohiyo Waziri wa Ng'ambo alikuwa akisema maneno hayo kwa watu wake, na mizinga ikapigwa pande zote mbili, wakasikilizana. Kamati imeundwa kuuandika upya ukurasa wa thelathini na moja. Hukutana Ijumaa. Kwa sasa ukurasa uko mtupu, na watoto wa darasa la tano huchora wapendacho. Wengi wao huchora sufuria.

Somoe alihamia kwa Koplo Mshamu, akasoma umeme, akafungua kila kitu cha nyumba ile na baadhi akavifunga. Watoto wa shule walikoma kupiga saluti kwa juma moja. Juma la pili walirudi, wakaomba kuonyeshwa upawa. Hawakuukuta. Sajini Malibiche alikuwa amevuka daraja bila kibali, akapiga mbinja mara mbili mlangoni, akala, akamkamata jogoo na upawa mchana kweupe, akaondoka navyo. Koplo alibaki anacheka.

Kidawa akaenda chuo chenye paa jekundu, akalala chumba cha Somoe, akaamka mapema mno na kumsumbua fundi viatu. Mwaka wa pili akapelekwa wodini. Asubuhi ya siku ya kwanza alimkuta mwanamke mdogo, mimba yake ya kwanza, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Kidawa alipomsalimia, mwanamke akatambua kwa lafudhi anakotoka, akageuza uso ukutani.

Kidawa akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Unaogopa?" aliuliza.

Mwanamke akazidi kukikaza chuma.

"Kidogo, kiasi, au sana?"

"Sana," alisema mwanamke, akiuambia ukuta.

"Vizuri," alisema Kidawa, na akampa mkono wake aukamate badala ya chuma. "Basi umekuja dirisha lenyewe."